Meli Moja Badala ya Tatu: Kutoka Dithmarschen hadi Sacramento

Waheshimiwa, ndugu na marafiki, asanteni kwa kufika. Mada ya leo ni meli ya ugavi iliyotumikia majeshi mawili ya maji yaliyokuwa maadui, ikabadilishwa jina mara mbili, na ikawafundisha Wamarekani namna mpya ya kujenga meli za aina hiyo. Jina lake la kwanza ni Dithmarschen. Nina ombi moja: tusiipime kwa tani ilizobeba. Tuipime kwa saa ambazo manowari, yaani meli ya kivita, ililazimika kukaa karibu nayo, maana manowari iliyofungwa kamba na meli ya mafuta haiwezi kukwepa torpedo wala kupigana ipasavyo.

Dithmarschen ilishushwa majini mwaka 1937 katika kiwanda cha Schichau, Danzig. Baada yake walifuata dada zake wanne: Westerwald, Altmark, Ermland na Franken. Urefu wao ulikuwa takriban mita 178, na mwendo wao noti 21 (maili 21 za baharini kwa saa), karibu maradufu ya meli za kawaida za mafuta za siku zile. Sababu ya kujengwa hivyo ni jiografia. Ujerumani haikuwa na vituo vya ng'ambo. Manowari yake ikishafika Atlantiki ya kusini, hapakuwa na bandari ya kuipokea. Basi meli hizi zilipangwa zibebe mafuta, risasi za mizinga, vyakula na vipuri, vyote katika chombo kimoja, na ziwe na kasi ya kuandamana na manowari zenyewe.

Altmark ndiyo iliyoonyesha faida ya mpango huo. Kuanzia Agosti hadi Desemba 1939 iliilisha manowari ya Kijerumani Admiral Graf Spee katika bahari wazi, na manowari hiyo ikazamisha meli tisa za biashara, mojawapo ikiwa Africa Shell, karibu na pwani ya Msumbiji, tarehe 15 Novemba. Watu wengi wanaijua Altmark kwa tukio la 16 Februari 1940, pale mabaharia wa manowari ya Kiingereza HMS Cossack walipoivamia ndani ya ghuba ya Jøssingfjord, Norway, wakawatoa mateka 299, mabaharia wa meli zilizozamishwa na Graf Spee. Hilo ni tukio kubwa la kisiasa, lakini kwa watu wa ugavi somo kubwa zaidi ni kifo chake. Ilibadilishwa jina ikaitwa Uckermark, ikapelekwa Mashariki ya Mbali, na tarehe 30 Novemba 1942 ikalipuka bandarini Yokohama, ikaiteketeza pia manowari Thor iliyokuwa jirani yake. Petroli ilikuwa imekwisha kupakuliwa, na matanki yalikuwa yakisafishwa.

Naomba tukae kidogo hapo. Tanki lililojaa petroli haliwaki kwa urahisi ndani yake, kwa kuwa hakuna hewa ya kutosha. Tanki lililomwagwa ndilo la kuogopwa: mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja ya chuma kugonga chuma inatosha. Ndiyo maana meli za mafuta za leo husukuma gesi isiyounguza ndani ya matanki na kuiweka oksijeni chini ya asilimia 8 kabla ya kazi yoyote ya kuosha. Mtu haingii humo hadi gesi hiyo nayo itolewe, hewa safi iingizwe na vipimo visomwe.

Vita vilipokwisha, dada hawa waligawanywa. Westerwald, ambayo wakati huo iliitwa Nordmark, ilichukuliwa na Waingereza ikawa HMS Bulawayo, wakaitumia kujaribia vifaa vya kupakia baharini. Dithmarschen iliangukia mikononi mwa Wamarekani mwaka 1946, ikaitwa Southmark, kisha Conecuh. Mwaka 1953 ilirudishwa kazini kwa kazi maalumu: kupima kama meli moja inaweza kuchukua nafasi ya tatu.

Wamarekani hawakuwa wanafunzi katika kupeana mafuta baharini. Meli yao Maumee, ambayo Chester Nimitz, admirali maarufu wa baadaye, alikuwa mmoja wa maofisa wake, iliwajaza mafuta waharibifu (manowari ndogo zenye kasi) katikati ya Atlantiki tangu Mei 1917, ubavu kwa ubavu. Wajerumani walipendelea kuachia bomba nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, likaelea, meli ya nyuma ikaliokota. Njia hiyo ni salama zaidi kwa wasukani, lakini ni bomba moja tu na kazi huenda polepole. Shehena kavu ilibidi ivushwe kwa mashua, bahari ikikubali. Kwa hiyo mbinu ya Kimarekani ilikuwa bora. Upungufu wao ulikuwa kwenye mgawanyo wa mizigo: mafuta katika meli hii, mabomu katika ile, chakula katika ya tatu. Manowari ya kubeba ndege ilikaribia, ikafunga, ikafungua, ikaanza tena kwa nyingine.

Kila kukaribia ni hatari upya. Meli ya ugavi hushika mwelekeo mmoja na mwendo mmoja, kwa kawaida noti 12 hadi 16, na haibadili chochote. Meli inayopokea husubiri nyuma, kisha huongeza mwendo, ikaja ubavuni na kupunguza ikiwa umbali wa mita 45 hadi 55 hivi. Maji yanayopita katikati ya meli mbili hulazimika kwenda kasi zaidi, na shinikizo lake hushuka. Kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, shinikizo ni kubwa na meli husukumana. Usawa wa katikati ya meli shinikizo ni dogo na huvutana. Nguvu hizo hubadilika ghafla wakati meli moja inapoipita nyingine, kwa hiyo msukani hupewa amri za digrii moja moja, na mashine huongezwa mzunguko mmoja mmoja wa rafadha, feni inayoisukuma meli.

Kisha hurushwa kamba nyembamba kwa bunduki, ikivuta nene zaidi, na mwisho waya wa chuma unaofungwa kwa ndoano ya kufyatuka. Kamba ya kupimia umbali, yenye vibendera kila futi 20, hushikwa omoni ili nahodha asome mwenyewe. Waya haufungwi ukakazwa moja kwa moja. Hupitia kwenye silinda ya hewa ya mgandamizo na mafuta, inayoulegeza meli zikiachana na kuuvuta zikikaribiana. Silinda hiyo ikikwama, waya hulegea hadi bomba likaburuzwa majini, au hukazika hadi ukakatika. Na waya uliokatika ukiwa umekazwa humkata mtu. Hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye njia yake.

Kichwa cha bomba huteleza juu ya waya na kuingia kwenye faneli ya meli nyingine, kikajifunga. Usukani ukiharibika, huamriwa kuachana kwa dharura, na utaratibu ni huu: pampu husimamishwa kwanza, bomba ndipo lifunguliwe, waya mwisho. Ukiugeuza, mafuta yataruka sitahani. Tena nahodha asipinde usukani kwa nguvu kwenda nje, kwa kuwa omo likitoka, tezi huingia ndani na kugonga.

Conecuh ilithibitisha kwamba mafuta, risasi na vyakula vinaweza kutolewa katika kukaribia kumoja. Iliondolewa kazini mwaka 1956, lakini matokeo yake yakazaa meli ya ugavi ya Kimarekani Sacramento, iliyoanza kazi Machi 1964: urefu mita 242, uzito wa tani 53,000 ikijaa, na mapipa 177,000 ya mafuta, yaani zaidi ya lita milioni 28, pamoja na tani 2,150 za risasi na mabomu. Injini zake zilitolewa kwenye Kentucky, meli ya kivita ambayo haikumalizwa. Nguvu farasi 100,000 ziliipa noti 26, ikaandamana na manowari za kubeba ndege bila kuzichelewesha. Upande wa kushoto ilihudumia manowari ya ndege, wa kulia mharibifu, na helikopta zikavusha mizigo juu yao. Kuweka mabomu na mafuta ya ndege pamoja kulirahisishwa na JP-5, mafuta yasiyotoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 60 za selsiasi. Petroli ya Uckermark haikuwa na sifa hiyo.

Sacramento ilihudumu Vietnam na kwingineko hadi Oktoba 2004. Warithi wake, daraja la Supply, walikuwa wanne wenye mashine za tabo za gesi, na baadaye wakakabidhiwa kwa mabaharia raia. Mashine hizo zinakula mafuta mengi, na mwendo huo ni ghali. Wawili kati yao, Bridge na Rainier, waliondolewa mwaka 2014 na 2016 kwa ajili ya kubana matumizi. Kazi yao ikarudi kugawanywa kati ya meli za mafuta na meli za shehena kavu zenye mwendo wa noti 20. Kwa maoni yangu, hesabu iliyofanywa hapo ilihesabu gharama ya mafuta, ikaziacha zile saa za ubavuni.