Mzee akikwambia yuko "under the weather"

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo vipi! Leo naongea hasa na nyie mnaojiandaa kuja Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee, kazi ninayofanya hapa Birmingham. Mtihani wa Kiingereza mtafaulu, sina wasiwasi. Ila kuna misemo ya hali ya hewa ambayo darasani hupitwa juujuu, na huku imebeba afya ya mtu.

Wazee wengi wa huku hawapendi kusumbua watu. Kifua kimembana, chakula hakipiti, na bado ukimuuliza hali anakujibu: "I'm a bit under the weather, bab." Bab ndivyo watu wa Birmingham wanavyomwita mtu kwa upendo. Hapo hazungumzii mvua wala baridi, anakwambia anaumwa. Na hiyo "a bit" isikulaze. Kaa naye. Mpime joto, muulize amelalaje, anakunywa maji, haja ndogo inamuuma? Mjulishe nesi, kisha andika kwenye kumbukumbu zake kabla hujakabidhi zamu. Maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa tu, hata homa hana. Neno lake hilo moja huenda ndiyo dalili pekee utakayopewa siku hiyo.

Akisema "it never rains but it pours", ujue matatizo yanamwandama. Kwetu mkulima wa Dodoma anaiombea mvua dua. Huku inanyesha majira yote, na hata akiba ya siku za dhiki wanaiita ya "rainy day". Mpe pole, muulize kulikoni, msikilize mpaka amalize.

"Rain check" ni ya Wamarekani, kwenye besiboli: mvua ikivunja mechi, tiketi yako inakurudisha siku nyingine. Ukimwalika mfanyakazi mwenzako chakula akakujibu hivyo, leo haji, labda siku nyingine. Usimpikie.

Sasa ule unaochanganya wengi: "right as rain". Hapa mvua imegeuka kuwa jambo jema, maana yake mzima kabisa. Nafurahi sana nikiusikia kwa mtu aliyekuwa kitandani wiki nzima. Lakini kama jana tu alikuwa "under the weather", mpime joto tena kabla hujaandika kwamba amepona.