Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba nianze na kuku.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa kisiwani Java akihangaika na beriberi, ugonjwa uliowalegeza watu miguu, ukawavimbisha, na mara nyingi ukawaua. Yeye aliamini unaletwa na vijidudu. Pale maabara alifuga kuku, na kuku wale nao wakaanza kuyumba. Wakashindwa kusimama, wakawa wanaanguka ubavu. Baada ya miezi kadhaa, wakapona bila dawa yoyote. Kuja kuulizia, kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwenye hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa mchele wa wanajeshi kuliwa na kuku wa raia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Kilichowaponya ni hicho tu.

Kisa hiki kinanigusa kila ninapokisimulia, kwa sababu kuku wale hawakulala njaa hata siku moja. Walishiba huku wanaugua. Kilichokosekana kilikuwa kwenye ule utando mwembamba wa punje unaoondoka na pumba: vitamini B1. Mwili hauwezi kugeuza wanga kuwa nguvu bila vitamini hiyo. Na hapa ndipo penye jambo: kadiri unavyokula wanga mwingi, ndivyo unavyoihitaji zaidi. Anayejiongezea sahani ya pili ya chakula kilekile anaongeza kazi mwilini bila kuongeza mfanyakazi. Eijkman alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Ndiyo maana watu wa lishe husema njaa iliyofichika. Haikondeshi mtu, kwa hiyo majirani hawaioni. Mtoto ana mashavu, lakini darasani anasinzia. Mama anapanda ngazi chache tu, moyo unamwenda mbio. Ukilishusha kidogo kope la chini la jicho lake, ndani unakuta weupe pale palipotakiwa kuwa na wekundu. Huenda ana upungufu wa damu, akapimwe. Sababu ni nyingi, ila iliyo kubwa kuliko zote ni ukosefu wa madini chuma.

Tukae kidogo kwenye madini haya, maana yanaonyesha kwa nini tunasema mlo kamili, hatusemi chakula fulani bora. Maharage yana madini chuma, lakini mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya nyama. Weka chungwa pembeni ya maharage hayohayo, vitamini C yake inayafanya yafyonzeke vizuri zaidi. Sasa ondoa chungwa, teremshia na kikombe cha chai: sehemu kubwa ya madini inashikwa na chai na kutoka bila kukusaidia. Chakula kilekile, na pesa imetumika ileile. Karoti nazo hivyohivyo: ukizila bila mafuta hata kidogo, mwili unapata shida kuchukua kile unachotengenezea vitamini A. Vyakula vinahitajiana, kama watu wa nyumba moja.

Upande wa kuzidisha nitapita haraka, kwa kuwa mmeshausikia mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400. Chumvi ikizidi, shinikizo la damu hupanda, na moyo na figo ndivyo vinavyoumia.

Basi usiku wa leo, kabla ya kuongeza, tazama sahani. Kama yote ni rangi moja, usiongeze kilichopo; tafuta kisichopo. Na chai isubiri saa moja hivi baada ya kula.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu; karibu, mama.