Di-di-di, Daa-daa, Di-di-di

Shikamooni wazee wenzangu. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyeji wetu amekaa pale mbele na saa yake mkononi. Nisipofika mwisho, lawama zote ziende kwenye saa hiyo.

Nianze na swali. Nani hapa aliwahi kuwa na Nokia, zile za zamani, 3310 na ndugu zake? Naona mikono, hata ya wazee. Haya, meseji ikiingia zilikuwa zinaliaje? Wote kwa pamoja. Di-di-di, daa-daa, di-di-di! Safi kabisa. Sasa sikilizeni. Nukta tatu ni S. Vistari viwili ni M. Nukta tatu tena, S. S, M, S. Simu ilikuwa inawaambia kwa alama za Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, kwamba imeingia SMS. Mmekaa nayo mfukoni miaka, sokoni, kwenye basi la Masasi, msikitini mkisahau kuizima, inaongea Morse na hamkujua. Halafu kijana ananifuata barazani: "Babu, Morse si ilishakufa?" Ilikufa lini, mjukuu wangu, na wewe ulikuwa unaibeba?

Mimi nilianza kazi kwenye simu za maandishi, katika ofisi ndogo ambayo leo nadhani ni duka la vifaa vya ujenzi. Wazee mnazikumbuka. Ulilipia kwa neno, kwa hiyo watu walijua kubana. MAMA MGONJWA NJOO. Maneno matatu, na mtu anapanda gari usiku huohuo. Leo mtu ananitumia meseji nne: ya kwanza "Mambo", ya pili "Upo?", ya tatu "Nina shida", ya nne vocha imemwishia.

Najua baadhi yenu mnasubiri ile hadithi ya mashindano. Niimalize haraka, maana nimeisimulia mara nyingi mpaka nimeitubia. Mwaka 2005, kwenye jumba la makumbusho huko Sydney, mzee wa miaka 93 alishindana kwa Morse na binti wa miaka 13 mwenye simu, na mzee akashinda. Mei mwaka huohuo, kwenye kipindi cha usiku cha Jay Leno huko Marekani, wanaredio wa ridhaa wawili, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa kazi, wakawashinda vijana wa meseji mbele ya watu. Sisi wapenzi wa Morse tulishangilia kama tumebeba kombe. Nami nilikuwa mstari wa mbele kuitangaza, na leo nasema ilitupotosha. Ilifanya watu wafikiri hoja yetu ni mbio. Siku hizi mjukuu wangu haandiki hata kwa kidole, anaongea na simu inaandika yenyewe. Tukiendelea kujisifu kwa mbio tutaonekana kama mzee anayesema zamani alikuwa anapanda minazi.

Ila kabla sijaacha habari ya kasi, nina jambo moja ambalo nalipenda, na mtanivumilia. Alfred Vail, msaidizi wa Samuel Morse, inasimuliwa kwamba walipokuwa wanapanga alama zao alikwenda kwa wapiga chapa kuhesabu herufi zao za madini ya risasi: ipi wanayo nyingi, ipi chache. Kwa Kiingereza E ndiyo inatumika kuliko zote, basi E ikapewa nukta moja tu. Di. Herufi ya bei rahisi kuliko zote. Sasa chukueni "Habari za asubuhi mama". Hesabuni. A ziko sita. E? Hakuna hata moja! Sisi tunaokula A kama wali, A yetu ni di-daa. Ile nukta ya bei rahisi katika salamu nzima hatukuigusa. Angekuja kuhesabu herufi kwetu Mikindani, hapa Mtwara, mambo yangekuwa mengine.

Na kuna hili jingine. Nukta ni kipimo kimoja, kistari vipimo vitatu. Kimya cha ndani ya herufi ni kimoja, cha kati ya herufi na herufi vitatu, cha kati ya neno na neno saba. Kwa kawaida kasi ya Morse hupimwa kwa neno PARIS, maana ukijumlisha na kimya chake linatimia vipimo 50 kamili. Usiku mmoja nimekosa usingizi nikajumlisha maneno ya kwetu. Lindi: 46. Mtwara: 58. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, Lindi haifikishi sekunde tatu, Mtwara inakaribia tatu na nusu. Watu wa Lindi mliokuja leo, ndugu zangu, furahini, ni ushindi pekee tutakaowapa.

(Kicheko.)

Haya, turudi. Mwenyeji ameangalia saa.

Vijana waliopata leseni za redio ya ridhaa siku hizi hawafundishwi Morse, na wala hawalazimiki. Mkutano wa mawasiliano ya redio wa Geneva mwaka 2003 uliacha kila nchi iamue yenyewe kama mtihani wa Morse uendelee, na nyingi zikaufuta. Marekani wenyewe waliufuta 2007. Silalamikii hilo. Mtihani ulikuwa umegeuka geti la kuzuia watu. Kinachonikera ni kingine. Kijana ananunua redio nzuri, anaiunganisha na kompyuta, anafungua FT8, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, na baada ya wiki mbili ananiambia ameongea na Japani. Namuuliza, umeongea nini? Ananyamaza.

FT8 msiibeze. F ni Steven Franke, T ni Joe Taylor, na huyu Taylor ni mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ilitoka 2017 na ikameza bendi zote za mawimbi. Inafanya jambo ambalo sikio langu haliwezi: inasoma kituo ambacho nguvu yake ni kama sehemu moja kwa mia ya kelele zilizopo pale. Kwenye skrini unaona jina la kituo, kwenye spika unasikia mvumo tu, kama kaa wanatembea kwenye makuti. Naitumia, nakiri mbele yenu. Lakini mnapeana zamu za sekunde 15, yeye kisha wewe, na ujumbe wa kuandika mwenyewe hauzidi herufi 13. Ile "Habari za asubuhi mama" haienei! Kinachopita ni jina la kituo, mraba wako kwenye ramani, hapa kwetu ni LH09, na namba ya nguvu ya mawimbi. Mmepeana mikono dirishani, basi. Mtaniambia kuna JS8Call, ya kuandikiana kwa marefu. Ipo, nzuri, na nitawaambia sasa hivi ilinifanyia nini.

Mei 2024. Hakuna hapa aliyesahau kimbunga Hidaya. Hidaya maana yake zawadi. Zawadi gani ile, Mungu anajua. Kwangu Mikindani upepo ulianza kuchezea mabati mapema, mke wangu akaanza kuingiza vitu ndani, kuku, madumu, mimi nikaingiza redio. Jioni umeme ukakatika. Baadaye kidogo simu ikaonyesha hakuna mtandao. Nikajisemea, hii ndiyo siku yenyewe. Nimewahubiria watu miaka kwamba redio ya ridhaa ni ya siku kama hii. Nikatoa kompyuta yangu kuukuu, nikaiunga kwenye betri ya pikipiki ya mwanangu, nikawasha.

Ikawaka. Na saa yake ikasema ni Januari 2010.

Kompyuta zina kibetri kidogo ndani, duara kama kidonge, kinachoshika saa ukiizima. Changu kilikufa tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa naahirisha kukibadilisha kwa sababu kila nikiingia mtandaoni saa inajirekebisha yenyewe. Mtandao wenyewe sasa haupo. Na FT8, JS8Call, hizi zote zinasimama juu ya saa. Ukipishana na wenzako kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, hamwelewani kabisa. Ninawaona kwenye skrini! Mistari ya njano inashuka, vituo kumi, kumi na tano, na chini hapaandikwi kitu. Mke wangu ameshika taa ya sola, ananiuliza, "Wanasemaje?" Nikamwambia, "Wanasema ninunue kibetri."

Kijana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, namjua, ni fundi. Anataka kusema, "Mzee si ungeirekebisha saa kwa mkono? Unatazama mistari inapoanza kwa pamoja, unabonyeza hapohapo." Kweli kabisa, mwanangu, na ulikuja kunionyesha wiki iliyofuata. Ila usiku ule mikono ilikuwa inatetemeka, saa yangu ya ukutani siiamini hata kwa adhana, na chaji ya kompyuta ilikuwa inashuka kama maji kwenye pakacha. Betri ya pikipiki ni ndogo, bwana. Kompyuta ilikuwa inakula kuliko redio yenyewe.

Nikaizima. Nikachukua hiki hapa. Kipitisheni kwa watu wakione, taratibu. Kibonyezo cha shaba, kitako cha mninga, nilichongewa na Mmakonde mmoja ambaye hakutaka hela, alitaka nimweleze kinafanya nini. Waya wa mita 20 kutoka dirishani hadi kwenye mkorosho, redio ya wati 5, megahezi 7. Radi zinapasuka masikioni kama mtu anakaanga dagaa. Na katikati ya ule mkaango, mlio mmoja mwembamba, unaita. Mtu wa kisiwa cha Réunion.

Kwa nini nimefurahi kuwa ni Réunion na si mahali pengine? Kwa sababu kituo kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu huu wa Bahari ya Hindi kipo kisiwani hapohapo. Nikamwita. Akanikosa. Nikamwita tena polepole, nikirudia kila kitu mara mbili. Akashika nusu ya jina langu la kituo, akaomba nusu nyingine. Huo ndio utamu wenyewe: kompyuta ikikosa inakuonyesha mstari mtupu, mtu akikosa anajua amekosa nini na anakiomba. Nikampa mahali nilipo, MTWARA, vipimo vyote 58. Nikamwuliza kuhusu kimbunga. Akaniambia ngoja. Nikangoja, mke wangu kasimama na taa. Akarudi akanitumia kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba Hidaya anaishiwa nguvu na anaelekea kaskazini-magharibi. Kutoka kwetu hadi kwake ni kama kilomita 2,000, kwa nguvu ndogo kuliko taa ya chumbani kwako.

Sikuokoa mtu, msije mkanitangaza. Nilimwambia mke wangu upepo utapungua, nikamwambia jirani kwa kupiga kelele juu ya ukuta, tukalala. Basi. Lakini siku zilezile mlikuwa hapa: barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga, na tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikaharibika, bando lipo na WhatsApp haifunguki. Meseji yako ya simu inapita kwenye mnara, mnara unataka umeme, mtandao unataka nyaya, na programu ya redio inataka kompyuta yenye saa. Kila kimoja ni kizuri, kila kimoja kinamtegemea jirani yake. Morse inataka betri, waya, na kilichomo kichwani mwako, na hicho hakikatwi na mvua.

"Basi tujifunze Morse tuache kompyuta?" Nani kasema hivyo? Kila nikizungumza kuna mtu anatoka na hilo. Jifunzeni vyote! Ila anzeni na hiki, kama mnavyoanza kuogelea kabla ya kununua boti ya injini.

Dakika tano? Nilikuwa na habari za leseni: nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, msiwashe kitu bila leseni, majina ya vituo vyetu vya Tanzania yanaanza na 5H, mengine tutaongea nje. Nilikuwa na habari za meli kuacha Morse mwaka 1999, zikafie hukohuko. Nilikuwa na karatasi nzima ya vifupisho vya Kiswahili nilivyobuni mwenyewe, na naona hata mke wangu pale anafurahi kwamba hatutafika huko.

Badala yake njoo wewe binti, wewe uliyeimba ile Nokia kwa sauti kuliko wote. Kaa hapa. Usikibonyeze kwa nguvu, si jiwe la kusagia. Kifundo cha mkono kilegee, vidole viwili juu, gumba pembeni. Sikiliza kwanza: daa ni ndefu mara tatu ya di, wala si mara mbili kama wengi wanavyofanya. Piga S. Vizuri. M. Ndefu zaidi. Tena. Hiyo ndiyo. S. Mmesikia? Sasa tupige jina la mji. Hapana, Mtwara ni ndefu, tutafika kesho. Anza na Lindi.