Hapana, Sijaanza Kuabudu Mti

Haya jamani, habari za huko. Tangu niweke ile picha niko chini ya mti hekaluni, kila nikifungua simu ni swali moja: "Dada, umebadili dini?" Mwingine anasema naringia Tokyo. Sijabadili dini, na wala sikwenda kutalii. Hela ya kutalii ninayo wapi?

Siku ile nilipeleka fomu za kupanga chumba. Huku mara nyingi wanataka mdhamini, mtu au kampuni, halafu kuna reikin, hela ya kumshukuru mwenye nyumba. Hairudi hiyo. Unamshukuru mtu hata usiku mmoja hujalala kwake! Nikaambiwa anayeshughulikia wageni katoka kula, nirudi saa nane. Nikajisogeza hekalu la Zenpuku-ji, pale Azabu, hapa Tokyo, kwa sababu kukaa ni bure.

Sasa ule mti. Ni ginko, aina ya mti wa huku, mzingo wa shina lake kama mita 10. Wanasimulia kwamba Shinran, mtawa mkubwa wa Kibudha wa karne ya 13, alichomeka fimbo yake ardhini, ikachipua. Wanauita ginko wa kichwa chini, maana matawi yameinamia ardhini. Nilicheka peke yangu. Si ndivyo bibi alivyotuambia kuhusu mbuyu, kwamba uko kichwa chini?

Kwenye matawi ya maginko wazee vinaning'inia vinundu virefu, vinaitwa chichi. Neno hilo ni maziwa ya kunywa na pia matiti, kama neno letu "maziwa" kabisa. Zamani wanawake waliokosa maziwa ya kunyonyesha walikwenda kuomba kwenye miti ya namna hiyo. Mwaka 1945 mabomu yaliteketeza jengo kuu la Zenpuku-ji, mti wake nao ukaungua, ukachipua tena.

Aliyesambaza kwenye grupu la ukoo kwamba nasujudia miti anajijua. Wiki hiyohiyo aliniomba ada ya mtoto. Na yeye huyohuyo hapiti mbuyuni usiku!

Wanaotaka kuja: mimi ningeweka pembeni kodi ya miezi minne, mitano, ya kuanzia kupanga. Ila hiyo ni mimi. Rafiki yangu wa Osaka hakulipa reikin hata yeni moja.

Basi, saa nane nikarudi. Mhusika akapitia fomu taratibu, akanipa nyingine: mtu wa kupigiwa nikipata dharura, lazima awe anaishi Japani. Nikamwandika bosi wangu. Sijamwambia mpaka leo.