Kabla Mkanda Haujakatika: Hilux ya Zamani na Safari ya Arua

ZAITUNI: Karibuni wasikilizaji wetu wa Arua, Nebbi, Koboko na popote mlipo. Mimi ni Zaituni, na fundi Rajabu yuko hapa. Fundi, salama?

RAJABU: Salama sana, dada.

ZAITUNI: Leo ni kubadilisha vipuri kabla havijaharibika, kwenye pikapu za Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, zile za injini ziitwazo 2L na 3L.

RAJABU: Magari ninayoyapenda kuliko yote. Bado yanabeba mihogo, bado yanabeba samaki wa Panyimur. Na tangu 2018 sheria ya Uganda ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15, za namna hii haziji tena. Tulizonazo ndizo hizi, tuzitunze.

ZAITUNI: Hapo ndipo watu wananiuliza: kitu hakijaharibika, nikibadilishe kwa nini? Pesa yenyewe ni ya kutafuta.

RAJABU: Mimi huwa nauliza: hiki kikifa, kinakufa na nani? Balbu ya taa ya nyuma ikiungua, imeungua peke yake. Unanunua nyingine, unaendelea. Mkanda wa taiming, ule unaozungusha kemu inayofungua na kufunga vali, haufi peke yake. Ukikatika injini inazunguka, kemu inasimama, vali zilizokuwa wazi zinabaki wazi, na pistoni zinapanda kuzigonga. Hapo unafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini chenye vali, na bei ya mkanda huikumbuki tena.

ZAITUNI: Unabadilishwa baada ya muda gani?

RAJABU: Kilomita 100,000. Toyota wenyewe waliweka taa kwenye deshibodi, imeandikwa T-BELT. Hesabu ikifika, inawaka.

ZAITUNI: Na kuna mafundi wanaoitoa balbu yake.

RAJABU: Wapo, na wanaoirudisha sifuri bila kuugusa mkanda pia wapo. Inanikera, kwa sababu mwenye gari anaondoka na amani ya uongo. Halafu kama kihesabu kilomita kimekufa, taa hiyo haiwaki kabisa. Kwa hiyo ukinunua gari la namna hii na aliyekuuzia hawezi kukuonyesha mkanda ulibadilishwa lini, badilisha wiki hiyohiyo. Pamoja na beringi inayoukaza, na sili za mbele zinazozuia oili kwenye kemu na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Sili ikivujisha oili juu ya mkanda mpya, mkanda huo hauna siku nyingi.

ZAITUNI: Nikienda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nikapata mkanda wa kutumika kutoka Japani, tena wa kampuni yenyewe?

RAJABU: Kisekka napaheshimu. Starta ya kutumika, altaneta, hata gia boksi, mara nyingi nazichagua mbele ya mpya za bei rahisi. Lakini mpira wa kutumika, hapana. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo.

ZAITUNI: Tuingie kwenye maji ya kupoza injini. Sifa mbaya ya 2L ni hedi kupasuka.

RAJABU: Hedi haipasuki tu, inapasuliwa na joto. Na joto linaanzia kwenye vitu vidogo. Injini ikiwa imepoa, bonyeza mipira ya redieta karibu na klempu. Ikiwa imelegea na kuvimba, au ukiibana unasikia inakwaruza ndani, imekwisha. Usiishie kwenye ile miwili mikubwa. Kuna mipira mifupi inayopita nyuma ya injini na mingine ya hita, na hiyo ndiyo inayosahaulika kwa sababu haionekani. Badilisha yote kwa mara moja. Kofia ya redieta nayo: springi yake ikichoka, presha haishiki, na maji bila presha yanachemka mapema.

ZAITUNI: Wengi wanatia maji ya kisima tu.

RAJABU: Na kutu inakula ndani kwa ndani, redieta inaziba. Kulanti, yale maji maalumu ya redieta, si anasa, dada.

ZAITUNI: Themostati je, kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye redieta yakipata joto? Mimi nimeambiwa mara nyingi kwamba hiyo ni ya nchi za baridi, Uganda tuitoe.

RAJABU: Hapo nakataa kabisa. Themostati haijui Uganda wala Japani, inajua joto la maji tu. Nyingi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, dizeli haiungui vizuri, moshi unaongezeka, silinda zinalika. Tena injini nyingi za Toyota zina njia ya mchepuko ambayo themostati huifunga ikishapata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi: sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye redieta. Kwa hiyo uliyeitoa ili gari lisipate moto, unaweza kulipata linachemka mlimani na mzigo.

ZAITUNI: Hilo naomba walisikie. Na breki?

RAJABU: Mipira ya breki. Kwa nje inaonekana safi, ndani imevimba. Ukikanyaga, mafuta yanapita. Ukiachia, hayarudi, gurudumu moja linabaki limeshikwa na kupata moto, gari linavuta upande. Watu wanabadilisha pedi mara mbili, tatu, kumbe ni mpira. Na mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani, kwa hiyo kila miaka miwili yamwagwe. Unashuka kutoka Nebbi kwenda Pakwach na mzigo, maji yale yanachemka ndani ya paipu, pedali inazama mpaka chini.

ZAITUNI: Kwa hiyo tununue kila kitu kipya?

RAJABU: Hapana! Tairodi ya asili, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ambayo bado imekaza, iache. Inua gurudumu, litikise. Kama hakuna mchezo, usiiguse. Vipya vya kuigiza ni vingi sokoni na vingine havimalizi mwaka. Tunaanza na mpira, mafuta, mikanda, vitu vinavyozeeka hata gari likisimama. Chuma kinapimwa kwanza.

ZAITUNI: Na kazi hiyo ifanyike lini? Wengi wanakwenda gereji jioni ya kuamkia safari ya Kampala.

RAJABU: Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Kitu kipya nacho kinaweza kuwa na kasoro, klempu inaweza kulegea ikipata moto. Zunguka mjini siku kadhaa, kaza tena, angalia chini kama kuna tone, ndipo uondoke. Kati ya Pakwach na Karuma unapita kwenye hifadhi, tembo wanavuka barabara. Si mahali pa kulala chini ya gari na tochi.

ZAITUNI: Kuna msikilizaji wa Koboko anauliza tairi yake ya akiba ina umri gani. Haijawahi kufungwa, meno yote yapo.

RAJABU: Aangalie ubavuni, baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho. Ikiwa 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine ziko upande wa ndani tu, ainame. Akikuta zaidi ya miaka 10, hata ikiwa na meno yote, asibebe nayo mzigo. Aitafutie nyingine kabla ya safari.