Wasiochanjwa Wako Wapi?

Wazee wangu wafugaji wa Uyui na Nzega, shikamooni. Maofisa mifugo, habari za kazi. Homa ya mapafu ya ng'ombe mnaijua, sitapoteza muda kuieleza. Nimekuja Tabora na hoja yangu ileile: katika kujaribu chanjo mpya, lazima wabaki ng'ombe wasiochanjwa.

Ng'ombe wanagawanywa kwa kura. Hawa wanachanjwa, hawa hawachanjwi, kisha wote wanafungiwa zizi moja na ng'ombe walioambukizwa makusudi, kwani bakteria anayeleta homa hii huenea kwa pumzi. Hapo wazee huniuliza: "Mwanangu, hao wengine wamekosa nini?"

Swali la haki kabisa. Lakini mzee, nani amekwambia aliyechanjwa ndiye mwenye bahati? Watafiti waliwahi kutengeneza chanjo kwa kipande cha protini ya bakteria huyu, LppQ. Walipowaambukiza ng'ombe wao, waliochanjwa wakaugua vibaya kuliko wasiochanjwa! Kingamwili zao, yaani askari wa mwili wanaopambana na vijidudu, ziliungana na protini za bakteria, na muungano huo ukaudhuru mwili. Bila lile kundi la pili wangesema ugonjwa ulikuwa mkali tu, na chanjo ingesonga mbele hadi kwenye mazizi yenu.

Na msiniletee majibu ya damu peke yake. Kingamwili kwenye damu zinaonyesha mwili umekutana na chanjo, basi. Ukweli uko kifuani. Ng'ombe jana alikuwa anacheua vizuri, leo unachinja, unafungua mbavu: maji ya manjano yanamwagika, pafu limegandana na ubavu. Unalikata, ndani kuna mabaka mekundu na ya kijivu, mistari myeupe mipana ikiyatenga. Au unakuta bonge gumu lililojifungia ndani ya gamba lake, na bakteria hai bado wamo. Bonge hilo lipimwe kwa rula, lipewe alama, na anayepima asijue hata kidogo ng'ombe yupi alichanjwa. Mkimwambia mapema, alama zake hazina thamani.

Mtasema chanjo tayari ipo. Ipo, T1/44, na mbegu yake ilitoka hapahapa nchini kwetu miaka ya 1950, ikapitishwa mara 44 kwenye mayai ya kuku yenye kiinitete. Imetusaidia sana. Ila kinga yake ni ya takriban mwaka mmoja, sindano moja haiwakingi wote, na ni bakteria hai, kwa hiyo ikikosa barafu inakufa njiani. Hayo ya barafu yanahitaji siku yake.

Muda umeisha, naona naoneshwa saa. Ofisa, ukiletewa mradi wilayani kwako, uliza kwanza wasiochanjwa wako wapi. Ukijibiwa hawapo, usisaini. Na ng'ombe wa majaribio, wa makundi yote mawili, wanunuliwe kwa bei ya mnada, fedha mkononi mwa mfugaji kabla hereni ya utambulisho haijaingia sikioni mwa ng'ombe.