Ziba Masikio Uone Kama Utaogopa
(Mhadhara kwa watengeneza filamu vijana, Mwanga, Kigoma)

Asanteni, kaeni. Nimepewa dakika 20 na mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo historia ya sinema tuiache. Naanza na lawama.

Jana mlinionyesha filamu tano. Nne zina mchawi, tatu kati ya hizo mchawi ana macho mekundu, na zote tano zina muziki uleule mliodokoa kwenye intaneti. Uleule! Mume anafumaniwa, muziki ule. Jini anatokea Kibirizi, muziki ule. Mama anasonga ugali, naam, muziki ule. Nimelisema hili Dar, nikalisema Tabora, na nitalisema mpaka mnizike.

Ndiyo maana leo nimekuja na mzee John Carpenter, mwongozaji wa Marekani aliyetengeneza filamu ya kutisha ya Halloween. Kinyago cheupe na kile kisu mnavijua, sivisimulii. Mimi nawaletea baba yake. Baba alikuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu kule Kentucky. Akajaribu kumfundisha mtoto fidla, haikukubali. John mwenyewe alishasema kinanda chochote anapiga, ila nota hawezi kusoma wala kuandika hata moja. Mtoto wa profesa wa muziki! Sasa mwaka 1961, John ana miaka 13, baba akamwekea ngoma za bongo (msicheke, ninyi ndio mnaojiita Bongo Movie) akamwonyesha mapigo ya tano kwa nne, yaani mapigo matano kila mzunguko; ukigawa kila pigo mara mbili unahesabu kumi.

Pigeni meza nami. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Tena. Wewe wa nyuma unakimbia, rudi. Tena. Mnasikia? Mwili umeshazoea tatu, mara inakatwa. Ni kama mtu anakufuata barabara ya Ujiji saa sita usiku: humwoni, lakini unasikia anachechemea. Basi zoezi hilo la utotoni, miaka 17 baadaye, ndilo likawa muziki wa Halloween.

Na hapa ndipo ninapopapenda. Filamu imekwisha kukatwa, haina muziki wala milio. Carpenter akamwonyesha dada mmoja, ofisa wa kampuni kubwa ya filamu. Dada akatazama yote: kisu kile, giza lile, msichana anakimbia. Hakuogopa hata kidogo. Fikirini mwongozaji alivyotoka mle chumbani! Mwingine angekwenda kuongeza damu. Ninyi mngeongeza macho mekundu. Yeye akakaa kwenye piano na sinthesaiza, kile kinanda cha umeme kinachounda sauti, na kwa kuwa mashine zenyewe zilikuwa ngumu, akasaidiwa na mtu anayezijua, Dan Wyman. Miezi kadhaa baadaye akakutana tena na yule dada, safari hii anaisifu filamu. Mzee anasema alichoongeza ni muziki tu. Picha ni zilezile, kisu ni kilekile.

Najua mtasema: "Mwalimu, yule ana hela za Marekani." Filamu ile iligharimu kama dola 300,000. Kwetu ni nyumba nzuri kadhaa, sikatai. Kwa Hollywood ilikuwa nauli. Alijitungia muziki kwa sababu hakuwa na hela ya kumlipa mtunzi, na mtu wa bei rahisi aliyemjua ni yeye mwenyewe. Hiyo ni shida yenu kabisa, sasa mbona mnaikimbia?

Mwingine atasema hayo ni mambo ya Wazungu. Ngojeni. Umeme ukikatika Ujiji, bibi yangu alikuwa anatusimulia habari ya yule binti aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Mnaijua. Zimwi linapita kijiji hadi kijiji, likipiga ngoma, mtoto anaimba mle ndani. Basi bibi hakutuambia zimwi lina pembe ngapi. Aligonga ungo kwa vidole, polepole, akaimba ule wimbo kwa sauti ya mtoto aliyechoka. Tulikuwa tunabanwa na mkojo na hakuna anayethubutu kutoka. Bibi ndiye mwongozaji, bibi ndiye mtunzi, na bajeti yake ni ungo. Ninyi wajukuu zake mnakwenda kudokoa muziki wa watu, halafu filamu ikiondolewa mtandaoni kwa hakimiliki mnanipigia simu mnalia.

Mwenyekiti, nimeona, namalizia. Filamu yake nyingine, The Thing, 1982: alimwita mtunzi wa Italia, Ennio Morricone, kwa hiyo msiseme nawakataza kuajiri mtunzi. Ilipotoka haikufanya vizuri, leo watu wanaiheshimu. Hilo lina mhadhara wake. Baada ya 2010 hakuongoza tena filamu ndefu ya sinema. 2015 akatoa albamu ya muziki usio wa filamu yoyote, pamoja na mwanawe Cody na mtoto wake wa ubatizo Daniel Davies, wakazunguka majukwaani. 2018 watatu hao wakatunga muziki wa Halloween mpya iliyoongozwa na mtu mwingine. Nilitaka kusema pia juu ya ukimya, basi tena, nendeni Katonga usiku, mkasikilize ziwa karabai za wavuvi zikiwa mbali.

Kabla ya maswali, nitawaonyesha dakika tatu za filamu ya kijana mmoja wenu, simtaji. Mara ya kwanza bila sauti. Mara ya pili ninyi mtapiga meza. Zimeni taa. Na wewe wa spika, usiguse kitu mpaka niseme.